China: shamba lilivyogawiwa, likachukuliwa, kisha likarudi mikononi mwa mkulima

Msikilizaji, China ya leo tunaifahamu kwa simu tulizoshika mkononi, kwa pikipiki na pawatila. Wazee wetu waliifahamu kwa mambo mengine: reli ya TAZARA, na redio ya Peking ambayo matangazo yake ya Kiswahili yalianza mwaka 1961. Jina la Mwenyekiti Mao lilikuwa likisikika humo mara kwa mara. Hapa tunaeleza yeye na wenzake walifanya nini na nchi yao, ila tumeamua kuisimulia habari hii kutoka upande wa shamba. Mapinduzi ya China yalishinda kwa nguvu ya vijiji, yakawaumiza sana watu wa vijiji, na mageuzi yaliyofuata yakaanzia hukohuko vijijini.

Kwanza suala la majina, maana huwachanganya wengi. Vitabu vya zamani huandika Mao Tse-tung, Chou En-lai na Peking. Siku hizi huandikwa Mao Zedong, Zhou Enlai na Beijing. Watu ni walewale na mji ni uleule. Wachina hutanguliza jina la ukoo, kwa hiyo Mao ni la ukoo na Zedong ndilo alilopewa na wazazi.

Mkulima kabla ya mapinduzi

Kwa zaidi ya miaka 2,000 China ilitawaliwa na wafalme. Wa mwisho, Puyi, alivuliwa ufalme Februari 1912 akiwa mtoto wa miaka sita. Sun Yat-sen, daktari aliyekaa miaka mingi uhamishoni akipanga kuuangusha ufalme, alikuwa ameshaapishwa kuwa rais wa muda wa jamhuri tarehe 1 Januari mwaka huo. Bendera ikabadilika, lakini kijijini mambo yakabaki vilevile. Baada ya muda mfupi majemadari waligawana majimbo, kila mmoja na jeshi lake na kodi yake, na mlipaji akawa mkulima yuleyule.

Hali haikuwa sawa kila mahali. Kaskazini wakulima wengi walikuwa na vishamba vyao, vidogo mno. Kusini wengi walilima ardhi ya kabaila, na mara nyingi nusu ya mavuno au zaidi ilikwenda kwa mwenye ardhi. Mvua ikikosekana mtu alikopa, riba ikapanda, akauza ng'ombe, akauza vyombo. Wapo waliofika hatua ya kumuuza binti yao akawe mtumishi, au akalelewe kwenye nyumba atakayokuja kuolewa. Wasichana wengi bado walikuwa wakifungwa miguu kwa vitambaa tangu utotoni ili isikue, kwa sababu miguu midogo ilihesabiwa kuwa ni uzuri.

Chama cha Kikomunisti kilianzishwa Shanghai Julai 1921 na wajumbe wasiozidi 15. Kilifuata somo lililotoka Urusi, kwamba mapinduzi ni kazi ya wafanyakazi wa viwandani. Shida ni kwamba China ilikuwa na viwanda vichache na wakulima mamia ya milioni. Mao aliliona jambo hilo mapema. Alizaliwa mwaka 1893 katika kijiji cha Shaoshan, jimbo la Hunan, baba yake akiwa mkulima aliyejiweza. Mwanzoni mwa 1927 alitumia siku 32 kuzunguka wilaya tano za Hunan akiuliza maswali: nani anamiliki nini, nani anadaiwa na nani, wanawake wanasemaje, watu wanamwogopa nani. Ripoti aliyoandika Machi mwaka huo ilidai kwamba nguvu ya mapinduzi iko kwa wakulima maskini, na kwamba chama kina hiari ya kuwaongoza au kuachwa nyuma.

Tunaomba msikilizaji azikumbuke hizo siku 32 za kuuliza. Huko mbele zitakuwa na maana.

Milimani, njiani, Yan'an

Aprili 1927 Chiang Kai-shek, mkuu wa chama cha Guomindang ambacho hadi hapo kilikuwa kikishirikiana na wakomunisti, aliwageuka na kuwaua kwa wingi mjini Shanghai. Waliosalimika walikimbilia vijijini. Mao alipanda milima ya Jinggang na kikosi kidogo, na huko likajengwa jeshi lililokuwa na amri zisizo za kawaida kwa zama zile: ukiazima kitu rudisha, ukiharibu lipa, usichukue cha mwanakijiji hata kama ni sindano. Kwa watu waliozoea askari wa kuchukua kuku na kuondoka, hilo peke yake lilikuwa habari.

Mwaka 1934 majeshi ya Chiang yaliwazingira. Mwezi Oktoba watu wapatao 86,000 walivunja mzingiro na kuanza kile kinachoitwa Mwendo Mrefu, wakipita milima yenye theluji na nyanda za matope. Baada ya mwaka mmoja, waliofika jimbo la Shaanxi kaskazini hawakufika 10,000. Wengine walikufa kwa vita, baridi na njaa, wengine walitoroka au kuachwa njiani. Katika safari hiyo, kwenye mkutano wa Zunyi Januari 1935, Mao alianza kushika usukani wa chama.

Kisha ikaja vita ya Japani, iliyovamia kaskazini-mashariki mwaka 1931 na sehemu kubwa ya nchi mwaka 1937. Wakiwa na makao Yan'an, wakomunisti waliingia vijiji vilivyokuwa nyuma ya mistari ya Wajapani, wakapunguza kodi ya mashamba, wakaunda mgambo, wakafundisha watu kusoma. Vita ilipokwisha mwaka 1945 chama kilikuwa na wanachama milioni 1.2. Miaka minne ya vita ya wenyewe kwa wenyewe ikafuata, na tarehe 1 Oktoba 1949 Mao akatangaza Jamhuri ya Watu wa China mjini Beijing. Chiang alikimbilia kisiwa cha Taiwan.

Mashamba yanagawiwa

Sheria ya kugawa ardhi ilitoka Juni 1950, ingawa kaskazini kazi hiyo ilikuwa imeanza wakati wa vita. Ilifanyika hivi. Kundi la makada lilifika kijijini na kukaa katika nyumba za watu maskini kabisa. Kila kaya ikapewa daraja: kabaila, mkulima tajiri, wa kati, maskini, au kibarua asiye na shamba. Halafu ukaitishwa mkutano ambapo watu walisimama mbele ya kabaila na kueleza machungu yao, mmoja baada ya mwingine, deni la baba, mtoto aliyekufa, kipigo cha mwaka fulani. Mkutano ulipokwisha, hati za zamani za ardhi mara nyingi zilichomwa moto mbele ya wote.

Takriban hekta milioni 47 zilikwenda kwa watu wapatao milioni 300. Ukipiga hesabu ni chini ya nusu ekari kwa kila mtu, yaani familia ya watu watano ilipata kama ekari mbili. Ni kidogo, ila ilikuwa yao, na hakuna aliyekuja kudai nusu ya mpunga.

Upande wa pili wa mikutano hiyo ni damu. Wanahistoria wanakadiria waliouawa kuanzia laki kadhaa hadi milioni mbili, na wapo waliopigwa hadi kufa palepale mkutanoni na majirani zao. Lile daraja la ukabaila nalo halikuishia kwa mtu mmoja. Watoto na wajukuu walirithi jina hilo, likawafunga katika shule, kazi na ndoa hadi lilipofutwa mwaka 1979.

Kabla ya sheria ya ardhi, tarehe 1 Mei 1950, ilianza kutumika sheria mpya ya ndoa. Ilipiga marufuku ndoa za kulazimisha, kuposwa kwa watoto, na mwanamume kuweka masuria. Umri wa kuolewa ukawa miaka 18 kwa mwanamke na 20 kwa mwanamume, na mwanamke akapata haki ya kudai talaka. Wanawake wengi sana waliidai. Wapo waliouawa na waume au wakwe kwa kuthubutu, na wapo waliojiua waliponyimwa. Sisi tunaona mabadiliko haya yanastahili kuhesabiwa sawa na yale ya ardhi, ingawa simulizi nyingi za mapinduzi huyapa mstari mmoja tu.

Mashamba yanachukuliwa

Mkulima hakukaa na shamba lake muda mrefu. Ilianza taratibu kwa vikundi vya kusaidiana, jambo ambalo kwetu tungeliita ujima: leo kwako, kesho kwangu, ng'ombe wako na jembe langu. Vikaja vyama vya ushirika. Kufikia mwisho wa 1956 karibu kaya zote za vijijini zilikuwa katika ushirika ambamo ardhi ni ya wote na mtu analipwa kwa alama za kazi. Januari 1958 ukawekwa utaratibu wa kuandikisha kaya, unaoitwa hukou, uliomfunga mtu mahali alipoandikishwa. Mtu wa kijijini hakuweza kuhamia mjini bila kibali, na mgawo wa chakula wa mjini haukumhusu.

Mwaka huohuo Mao alitangaza Hatua Kubwa Mbele. China ilitakiwa kuifikia Uingereza kwa chuma ndani ya miaka 15 au pungufu. Vyama vya ushirika viliunganishwa kuwa komuni kubwa zipatazo 26,000, na kabla mwaka haujakwisha karibu wakulima wote walikuwa ndani yake. Majiko ya nyumbani yalifungwa, watu wakala kwenye bwalo la pamoja. Tanuri za udongo zilijengwa kila mahali kuyeyusha sufuria, bawaba na majembe, na kilichotoka kwa sehemu kubwa hakikufaa kitu. Watu walikuwa kwenye tanuri wakati mavuno yakiozea shambani. Mbegu ziliamriwa zipandwe zikibanana, kinyume na alichokijua kila mkulima. Shomoro waliuawa kwa mamilioni kwa kosa la kula nafaka, na wadudu ambao shomoro hula wakazidi.

Lakini kilichoua zaidi ni takwimu. Komuni zilishindana kutangaza mavuno makubwa, na kiongozi aliyetaja idadi ya kweli alionekana mzembe au adui. Serikali ilichukua sehemu yake kwa kufuata idadi iliyotangazwa. Tutoe mfano wetu wenyewe ili jambo lieleweke: kijiji kimevuna magunia 100, kiongozi ametangaza 300, na serikali inataka theluthi moja. Theluthi ya 300 ni 100. Gari likiondoka, ghala ni tupu. Na wakaguzi wakija wakikuta hakuna kitu, wanasema wakulima wameficha, msako unaanza nyumba kwa nyumba.

Julai 1959 viongozi walikutana Lushan. Waziri wa ulinzi, Peng Dehuai, mtoto wa mkulima maskini wa Hunan na mkongwe wa Mwendo Mrefu, alimwandikia Mao barua binafsi akieleza makosa anayoyaona. Mao aliinakilisha barua ile, akaigawa mkutanoni, akamshambulia mwandishi wake. Peng alipoteza kazi, na msako dhidi ya wenye mawazo kama yake ukashuka hadi wilayani. Baada ya hapo nani angesema ghala ni tupu?

Njaa iliuma kuanzia 1959 hadi 1961. Makadirio ya waliokufa yanaanzia milioni 15 na kufika milioni 45, wengi wao watu wa vijijini, yaani walewale waliolima chakula. Katika eneo la Xinyang, jimbo la Henan, walikufa karibu milioni moja, huku mgambo wakifunga njia ili watu wasitoke kwenda kuomba. Mwaka 1959 na 1960 China iliendelea kuuza nafaka nje ya nchi. Ukame na mafuriko vilikuwepo, ni kweli. Mwaka 1961 Liu Shaoqi, aliyekuwa rais wa nchi, alirudi kijijini kwake Hunan kujionea, na Januari mwaka uliofuata aliwaeleza makada 7,000 jinsi wakulima walivyomgawia lawama: mafungu matatu kwa maumbile, saba kwa binadamu.

Sisi watangazaji tunasimama kidogo hapa. Katika miaka ile vipaza sauti viliwekwa vijijini, vimeunganishwa kwa waya hadi kituo cha komuni, na viliamsha watu alfajiri kwa habari na maelekezo. Waya ule ulileta sauti kutoka juu tu. Mwaka 1927 Mao alikwenda kijijini kuuliza. Mwaka 1958 alizuru komuni za mfano zilizokuwa zimeandaliwa kwa ajili yake.

Mapinduzi ya Utamaduni, na reli yetu

Komuni zilipunguzwa nguvu, mabwalo yakafungwa, njaa ikapungua. Mao, aliyeamini wenzake wanarudisha ubepari, aliwasha Mapinduzi ya Utamaduni mwaka 1966. Vijana walioitwa Walinzi Wekundu waliwadhalilisha walimu, wakavunja mahekalu, wakapigana wao kwa wao. Liu Shaoqi alifia kizuizini mwaka 1969. Deng Xiaoping alipelekwa Jiangxi kufanya kazi katika karakana ya matrekta. Vijana wapatao milioni 17 wa mijini walipelekwa kuishi na wakulima, akiwemo Xi Jinping, rais wa sasa, aliyepelekwa kijiji cha Liangjiahe akiwa na miaka 15.

Katika miaka hiyohiyo vijiji vilipata wale walioitwa madaktari pekupeku, wakulima waliofundishwa miezi michache kuchanja, kuzalisha na kutibu magonjwa ya kawaida, kisha wakarudi kulima. Mwaka 1949 Mchina wa kawaida hakutarajiwa kufikisha miaka 40. Mao alipokufa tarehe 9 Septemba 1976, wastani ulikuwa umepita 60. Mtu anayeieleza enzi ya Mao bila njaa ile anaficha, na anayeieleza bila chanjo na zahanati hizi naye anaficha.

Ni katika miaka hiyo pia wahandisi na wafanyakazi wa Kichina walikuwa Tanzania na Zambia wakijenga TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Ujenzi ulianza mwaka 1970 na njia ikakamilika 1975. Mwalimu Nyerere alikuwa amezuru China Februari 1965, na Zhou Enlai akaja Tanzania Juni mwaka huo. Wasikilizaji huuliza kama vijiji vya ujamaa vilikuwa komuni za Kichina. Mwalimu alivutiwa na nidhamu na matumizi ya kubana aliyoyaona kule, lakini ujamaa aliujenga kwa hoja ya familia ya Kiafrika na aliandika juu yake mwaka 1962, kabla ya safari hiyo.

Usiku mmoja Xiaogang

Wilaya ya Fengyang, jimbo la Anhui, ilipigwa vibaya na njaa ile, na hata miaka ya 1970 watu wake walijulikana kwa kwenda kuombaomba baada ya msimu. Mwishoni mwa 1978, wakulima 18 wa kijiji cha Xiaogang walikutana usiku kwa siri. Waliandika karatasi moja: mashamba ya komuni yagawanywe kwa kaya, kila kaya itoe fungu la serikali, kinachobaki kiwe chake, na hawataomba tena chakula wala fedha serikalini. Kwa kuwa jambo hilo lilikuwa marufuku, waliongeza kwamba viongozi wao wakifungwa au kuuawa, waliobaki watawalea watoto wao hadi miaka 18. Wakaweka alama za dole gumba.

Mavuno ya 1979 yalipanda kiasi kwamba siri haikufichika. Haikuwa Xiaogang pekee. Vijiji vingine vya Anhui na Sichuan vilikuwa vikijaribu mambo ya aina hiyo, na kiongozi wa chama Anhui, Wan Li, aliyevitembelea vijiji vyake na kuona umaskini kwa macho, aliwakingia kifua. Mei 1980 Deng Xiaoping, ambaye sasa ndiye aliyekuwa na sauti kubwa Beijing, aliusifu mfano wa Fengyang. Kufikia mwisho wa 1983 zaidi ya kaya tisa kati ya kumi zililima kwa utaratibu huo, na komuni zikavunjwa. Nafaka ya nchi nzima ilitoka tani milioni 305 mwaka 1978 hadi tani milioni 407 mwaka 1984.

Sifa nyingi za mageuzi hupewa Deng, na anastahili sehemu yake, maana angeweza kuwafunga wale 18. Ila wazo hakulianzisha yeye.

Kuvunjwa kwa komuni kulivunja pia bima ya matibabu ya kijiji, na madaktari pekupeku wakaanza kutoza ada au kuacha kazi. Mamilioni walikwenda kwenye viwanda vya Shenzhen na miji mingine ya pwani, hukou zao zikiwa bado za kijijini, kwa hiyo watoto wengi walibaki na bibi na babu. Kodi ya kilimo, iliyotozwa kwa namna moja au nyingine tangu enzi za wafalme, ilifutwa tarehe 1 Januari 2006.

Na ardhi ni ya nani leo? Kisheria shamba la kijijini ni mali ya kijiji kwa pamoja. Kaya hupewa mkataba wa kulilima. Mwaka 1984 mkataba ulikuwa wa miaka 15, na kuanzia 1993 ukawa wa miaka 30. Mingi ya hiyo inafikia ukomo katika miaka hii, na mwaka 2017 serikali ilitangaza kwamba itaongezwa miaka mingine 30. Mkulima anaweza kumkodisha mwenzake shamba hilo. Kuliuza haruhusiwi.